Upasuaji wa moyo kwa watoto: kazi haiishi siku mshono unapofungwa

Kila mwaka familia kadhaa za Kongo zinafaulu, kwa shida kubwa, kumfikisha mtoto aliyezaliwa na kasoro ya moyo mbele ya waganga wanaoweza kumpasua. Wengine wanakwenda Kinshasa wakati timu za kigeni zinapokuja, wengine wanavuka mpaka kwenda Kigali, Kampala au Dar es Salaam, na wachache wanafika India au Ulaya. Habari ya kwanza inayorudi nyumbani ni ileile: « Amepasuliwa, anaendelea vizuri. » Jamaa wanamshukuru Mungu, na wengi wanaona safari imekwisha.

Lakini waganga wa moyo wanajua kwamba siku na wiki zinazofuata zina hatari zake. Nyingi zinajulikana kwa jina na kwa wakati wake: kuna zile zinazokuja usiku wa kwanza, zile za wiki ya kwanza, na zile zinazomngoja mtoto nyumbani, mbali na mashine na wauguzi. Hizi za mwisho ndizo zinazotisha zaidi kwa familia za mashariki mwa Kongo, kwa sababu mtu wa kwanza kuziona si mganga, ni mama.

Makala hii inaeleza hatari hizo kwa utaratibu wake, dalili ambazo mzazi anaweza kuziona, na mambo ya kuuliza kabla ya kuondoka hospitalini.

Ugonjwa si wa nadra

Duniani kote, karibu mtoto 1 kati ya 100 wanaozaliwa huwa na kasoro fulani ya moyo. Kongo inazaa watoto takriban milioni 4 kwa mwaka. Hesabu rahisi inaonyesha kwamba makumi ya maelfu ya watoto wanazaliwa hapa kila mwaka na moyo wenye kasoro. Si wote wanaohitaji kisu. Matundu madogo mengi yanajifunga yenyewe. Lakini karibu mmoja kati ya wanne wao ana kasoro nzito, inayotaka upasuaji au matibabu mengine mapema, mara nyingi kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Kasoro zinazoonekana sana ni tundu kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo, tundu kati ya vyumba vya juu, na mshipa mfupi unaounganisha mshipa mkubwa wa mwili na ule wa mapafu mtoto akiwa tumboni mwa mama, ambao unakataa kufunga baada ya kuzaliwa. Kuna pia ile inayobeba jina la mganga Mfaransa Étienne-Louis Arthur Fallot, aliyeieleza mjini Marseille mwaka 1888: kasoro nne pamoja, zinazofanya midomo na kucha za mtoto kuwa za buluu.

Katika ukanda wetu, vituo vinavyopasua moyo wa mtoto vinahesabika kwa vidole. Tanzania ina Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete mjini Dar es Salaam, iliyoanza kazi mwaka 2015. Uganda ina Taasisi ya Moyo pale Mulago, Kampala. Rwanda imejenga timu yake katika Hospitali ya King Faisal, Kigali. Mashirika kama La Chaîne de l'Espoir la Ufaransa nayo yamewatibu watoto wengi wa Afrika. Kwa mkaaji wa Goma, Bukavu au Uvira, vituo vya nchi jirani viko karibu kuliko Kinshasa, na uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa Januari 2025, njia ya kwenda Kinshasa ikawa ngumu zaidi.

Matokeo yake ni kwamba mtoto anapasuliwa katika nchi moja na kupona katika nchi nyingine. Aliyempasua hayupo atakapopata homa. Mganga atakayempokea usiku huo pengine hajawahi kuona kovu kama lile.

Usiku wa kwanza: moyo unapochoka

Ili kurekebisha kasoro ndani ya moyo, waganga wanausimamisha. Mashine inachukua kazi ya moyo na mapafu kwa saa moja, mbili au zaidi: inapokea damu, inaitia oksijeni, inairudisha mwilini. Kazi ikiisha moyo unaamshwa tena. Lakini umekatwa, umeshonwa, umekaa bila damu yake ya kawaida, na mwili wote umevimba kidogo kwa sababu damu imepita ndani ya mipira na vyuma.

Ndiyo maana saa za kwanza ni za wasiwasi. Kwa kawaida kati ya saa ya 6 na ya 18 baada ya upasuaji, moyo wa mtoto mchanga unaweza kudhoofika kuliko ulivyokuwa ulipotoka chumba cha upasuaji. Mikono na miguu inakuwa baridi, mkojo unapungua, mapigo yanakwenda mbio. Waganga wanauita udhaifu wa moyo wa baada ya upasuaji, na kwa watoto wachanga waliopata upasuaji mzito unaweza kumpata mmoja kati ya wanne.

Hali hiyo siyo bahati mbaya tu, inaweza kuzuiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 juu ya watoto 238 ulionyesha kwamba dawa ya milrinone, ikitolewa mapema kwa kipimo kikubwa, ilipunguza tatizo hilo kutoka watoto karibu 26 kwa 100 hadi karibu 12. Leo dawa hiyo inatumika katika vituo vingi vya moyo.

Hatari ya pili ya usiku huo ni damu. Mtoto anatoka chumbani akiwa na mipira kifuani inayotoa damu na maji. Mpira ukitoa damu nyingi, pengine atarudishwa chini ya kisu. Lakini mpira ukiacha kutoa ghafla, hiyo si lazima iwe habari njema: damu inaweza kuganda ndani na kuubana moyo kama ngumi. Presha inaanguka, na mtoto anaweza kufa ndani ya dakika chache kama kifua hakikufunguliwa. Kwa hiyo muuguzi anayepima kila saa kiasi kilichoingia kwenye chupa hafanyi kazi ya karatasi, analinda uhai.

Hatari ya tatu ni mapigo ya moyo. Nyaya za asili zinazobeba umeme wa moyo zinapita karibu sana na mahali ambapo matundu mengi hushonwa. Zikivimba, moyo unaweza kwenda mbio kupita kiasi katika siku mbili za kwanza, na waganga wanautuliza kwa kupunguza joto la mwili na kwa dawa. Zikiumia, mapigo yanakuwa ya polepole. Ndiyo sababu watoto wengi wanatoka chumba cha upasuaji na nyaya nyembamba zinazotokeza kwenye ngozi ya tumbo: zimewekwa ili mashine ya nje iweze kuendesha moyo kwa muda. Mara nyingi umeme wa asili unarudi. Usiporudi baada ya siku 7 hadi 10 hivi, mtoto anahitaji betri ya kudumu ya kuongoza mapigo.

Mapafu yaliyozoea mzigo

Kuna hatari ya nne ambayo inatuhusu sana, kwa sababu watoto wetu wanachelewa kupasuliwa.

Mtoto mwenye tundu kubwa anasukuma damu nyingi mno kwenye mapafu, kila pigo, mchana na usiku. Mishipa ya mapafu inajikinga kwa kuwa minene na migumu. Akipasuliwa katika mwaka wa kwanza, mishipa hiyo mara nyingi inalainika tena. Akingoja miaka mingi, ugumu unaweza kuwa wa kudumu, na hapo kuziba tundu kunaweza kumuua badala ya kumponya, maana tundu lilikuwa limegeuka kuwa mlango wa kupunguza presha. Kuna watoto wanaosafiri mpaka kituo cha moyo na kuambiwa kwamba wakati wa kupasua umepita. Kwa familia iliyouza shamba ili kupata tikiti, hilo ni pigo lisilosemeka.

Wale walio katikati, waliochelewa lakini bado wanaweza kupasuliwa, ndio wanaopata mishtuko ya mapafu baada ya upasuaji. Maumivu kidogo, kilio, au kunyonywa makohozi kwa mpira kunaweza kuifunga mishipa ya mapafu ghafla. Mtoto anageuka rangi, presha inashuka. Dawa yake ni utulivu, usingizi, oksijeni, na dawa za kulegeza mishipa hiyo. Baadhi yao wanarudi nyumbani na vidonge vya sildenafil kwa miezi. Dawa hiyo hutumiwa na watu wazima kwa sababu nyingine, jambo linalowafanya baadhi ya baba kushtuka au kuona haya wanapoinunua kwenye farmasi. Wasione haya: ni dawa ya mapafu ya mtoto wao.

Wazazi wa Goma na Bukavu, miji iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na zaidi wale wa milima ya juu kama Minembwe, wamwambie mganga wanaishi wapi. Hewa ya juu ina oksijeni pungufu, na kwa mtoto mwenye presha ya mapafu jambo hilo linahesabiwa kabla ya kupanga siku ya kurudi.

Wiki ya kwanza: maziwa, sauti na vijidudu

Mtoto akitolewa kwenye mashine ya kupumua, furaha ni kubwa. Hapo ndipo mambo mengine yanaanza kuonekana.

La kwanza ni maambukizi. Mipira kwenye shingo, kifuani, kwenye kibofu na kooni ni milango ya vijidudu. Katika vituo vya nchi zenye uwezo mdogo, sumu ya vijidudu kwenye damu na usaha wa kidonda ni miongoni mwa mambo yanayowaua watoto ambao moyo wao umerekebishwa vizuri kabisa.

La pili linawashangaza wazazi. Mtoto anaanza tena kunyonya, na maji yanayotoka kwenye mpira wa kifua yanageuka meupe kama maziwa. Si maziwa yaliyopotea njia. Ni majimaji ya mafuta ambayo mwili huyabeba kutoka tumboni kwa mrija mwembamba unaopita kifuani; mrija huo umeumizwa au umezidiwa na presha. Mtoto anapoteza chakula na kinga kwa pamoja. Matibabu huanza na chakula: kwa wiki kadhaa anapewa maziwa maalum yenye mafuta ya aina nyingine, na watoto wengi wanapona bila kupasuliwa tena. Lakini familia ikirudi nyumbani na kumpa maziwa ya kawaida na mafuta ya mawese kabla ya siku iliyopangwa, maji yanaweza kujaa upya.

La tatu ni sauti. Neva inayoendesha nyuzi za sauti inazunguka karibu na mshipa mkubwa wa moyo. Ikiguswa, mtoto analia kwa sauti ya kukwaruza au bila sauti, na anapokunywa anapaliwa. Bibi na mashangazi wanasema amelia sana hospitalini. Kumbe maziwa yanaweza kuwa yanaingia kwenye mapafu. Mtoto kama huyo apimwe namna anavyomeza kabla ya kulazimishwa kikombe.

La nne ni neva nyingine, ile ya msuli mkubwa wa kupumulia ulio chini ya mapafu. Ikilala, mtoto hawezi kuachana na mashine, au anapumua kwa shida upande mmoja bila sababu nyingine kuonekana.

Figo pia zinaweza kuchoka kwa siku chache. Na ubongo, ambao pengine ulikuwa umekosa oksijeni tangu kuzaliwa, unahitaji kufuatwa: baadhi ya watoto waliopasuliwa wakiwa wachanga wanachelewa kukaa, kutembea au kusema, na wanasaidiwa zaidi wakigunduliwa mapema.

Nyumbani: homa ambayo si malaria

Mtoto sasa yuko Goma, Bunia au Kalemie. Wiki ya pili au ya tatu anapata homa. Katika nchi yetu kila mtu anajua la kufanya: ni malaria, apewe dawa. Mara nyingi ni malaria kweli, na lazima apimwe. Lakini kwa mtoto aliyepasuliwa moyo, kipimo cha malaria hakitoshi, hata kikionyesha ndiyo.

Kuna ugonjwa unaokuja hasa kati ya wiki ya kwanza na ya sita baada ya upasuaji, ambapo kinga ya mwili inakasirikia ngozi nyembamba inayoufunika moyo. Ngozi hiyo inavimba na kutoa maji. Mtoto ana homa, hataki kula, anatapika, ananung'unika, analala akiwa ameinuliwa tu, anapumua haraka. Mkubwa kidogo atasema kifua kinamuuma akivuta pumzi. Maji yakiongezeka yanaubana moyo, kama damu ilivyoweza kuubana usiku wa kwanza. Tofauti ni kwamba sasa hakuna mashine inayopiga kengele. Ekografia ya moyo inayaona maji hayo kwa dakika chache, na yakitolewa kwa sindano au kwa mpira mtoto anafufuka mbele ya macho ya watu.

Homa inaweza pia kutoka kwenye kidonda. Mshono ukiwa mwekundu, wa moto, ukitoa maji au usaha, au mfupa wa kifua ukisikika unacheza mtoto anapokohoa, hilo halingoji kesho. Usaha unaweza kuwa umeshuka nyuma ya mfupa, karibu na moyo wenyewe.

Na homa inayodumu, hata miezi baadaye, inaweza kuwa vijidudu vilivyojishika ndani ya moyo, kwenye vali au kwenye kiraka kilichoshonwa. Hapa kuna kosa linalofanyika kila siku: mtoto anapewa antibiotiki za farmasi kwa siku tatu, homa inashuka, inarudi, anapewa nyingine. Dawa hizo zinaficha kijidudu bila kukiua, na maabara haikioni tena. Kanuni ni moja: damu ya kupima vijidudu itolewe kwanza, antibiotiki baadaye.

Mfupa wa kifua unachukua wiki 6 hadi 8 kushika. Kwa muda huo mtoto asiinuliwe kwa kushikwa makwapani wala kuvutwa mkono. Ainuliwe kwa mkono mmoja chini ya matako na mwingine nyuma ya kichwa na mabega. Kumbeba mgongoni na kitenge, kifua kikiwa kimebanwa, kungoje mpaka mganga aruhusu. Kwa mama wa kwetu hilo ni gumu, maana mgongo ndio gari la mtoto. Afadhali ndugu wote wa nyumba waelezwe siku ya kwanza, pamoja na watoto wakubwa wanaopenda kumchukua.

Dawa, sombe na farmasi ya mtaani

Watoto wengi wanarudi na dawa ya kutoa maji mwilini, furosemide, ambayo watu wanaijua kama Lasix. Mtoto anakojoa sana, mama anaona inamkausha, anaiacha. Baada ya siku chache uso umevimba na pumzi imekuwa fupi. Upande wa pili, mtoto akiharisha au kutapika huku anaendelea na dawa ileile, anaweza kukauka kweli na chumvi za damu zikavurugika. Hali zote mbili zinataka simu kwa mganga, si uamuzi wa mtu mmoja jikoni.

Aliyewekewa vali ya chuma anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama warfarin, kwa maisha yake yote. Hii ndiyo dawa inayotaka uangalifu kuliko zote. Ikipungua, damu inaganda kwenye vali. Ikizidi, mtoto anavuja damu puani, kwenye fizi, au kichwani. Lazima damu ipimwe mara kwa mara, kwa hiyo kabla ya kukubali vali hiyo familia iulize: kipimo hiki kinapatikana katika mji wetu?

Majani mabichi kama sombe na lengalenga yana vitamini K nyingi, ambayo inapunguza nguvu ya dawa hiyo. Hakuna anayemkataza mtoto wa Kongo kula sombe. Anachotakiwa ni kula kiasi kilekile wiki hadi wiki, asikae mwezi mzima bila majani kisha ale sahani nzima kila siku. Nazo dawa zinazouzwa bila swali kwenye kila farmasi, kama Flagyl na Bactrim, zinaongeza nguvu ya warfarin mpaka mtoto anaweza kuvuja damu. Dawa za majani za waganga wa kienyeji nazo hakuna anayejua zitakavyokutana nayo.

Chanjo, meno na damu ya SS

Mtoto aliyepewa damu au maji ya damu wakati wa upasuaji amepokea pia kinga za watu wengine. Kinga hizo zinaweza kuifanya chanjo ya surua isishike, na kwa kawaida inashauriwa kungoja miezi 6 au 7. Lakini Kongo si nchi ya kungoja bila kufikiri: mlipuko wa surua ulioanza mwaka 2019 uliua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wadogo. Kwa hiyo tarehe iulizwe na iandikwe kwenye kadi ya chanjo, isisahauliwe. Na wakati wa kungoja, kinga yake ni ndugu zake: watoto wote wa nyumba hiyo wawe wamechanjwa.

Meno nayo yanahusu moyo. Jino lililooza ni shimo ambalo vijidudu hupita kuingia kwenye damu. Mtoto mwenye kiraka kipya au vali ya bandia anahitaji antibiotiki kabla ya kung'olewa jino; kwa kiraka kilichoshika vizuri ni miezi 6 ya kwanza, kwa vali ni maisha yote. Anayeng'oa jino lazima aambiwe juu ya kovu la kifua.

Jambo moja linapaswa kujulikana hata kabla ya safari: kama mtoto ana damu ya SS au ni mbebaji. Watu wengi Kongo wanabeba chembe hiyo bila kujua. Baridi na upungufu wa oksijeni wakati wa upasuaji vinaweza kuzifanya chembe hizo kukunjamana na kuziba mishipa. Waganga wakijua mapema wanaandaa damu ya mtoto.

Kinachookoa si mashine peke yake

Mwaka 1954 mjini Minneapolis, mganga C. Walton Lillehei alianza kupasua mioyo ya watoto akitumia mzazi, au mtu mwingine mwenye damu inayolingana, kama mashine: damu ya mtoto ilipita kwenye mwili wa mtu mzima aliyelala pembeni. Kati ya wagonjwa 45, 28 walitoka hospitalini wakiwa hai, na dunia ilishangaa. Leo katika vituo vyenye uzoefu, watoto wanaokufa baada ya upasuaji wa moyo ni chini ya 5 kwa 100 kwa ujumla, ingawa kasoro ngumu zaidi bado zinaua zaidi.

Maendeleo hayo hayakutoka kwenye kisu tu. Tangu mwaka 2008 mtandao ulioanzishwa na Hospitali ya Watoto ya Boston, Marekani, unafanya kazi na vituo vya moyo vya nchi zenye kipato kidogo. Haukuanza kwa kupeleka vyombo vya bei ghali. Ulisisitiza mambo matatu: usalama wa upasuaji, kupunguza maambukizi, na kumpa muuguzi mafunzo na ruhusa ya kusema anapoona mtoto anabadilika. Kunawa mikono na kusikilizana ni dawa ambazo hazihitaji ndege.

Hapa kwetu, kuna mambo ambayo kila eneo la afya linaweza kuanza nayo. Kifaa kidogo cha kupima oksijeni kwenye kidole, kikitumiwa kwa kila mtoto siku moja baada ya kuzaliwa, kinaweza kuwanasa wengi wenye kasoro nzito kabla hawajachelewa. Hospitali za rufaa zenye ekografia zinaweza kuwa na mganga mmoja aliyefundishwa kuona maji kuzunguka moyo. Na kituo kinachompeleka mtoto nje kinaweza kukubaliana mapema na waliompasua: nani atapigiwa simu, saa ngapi, kwa lugha gani. Mtoto anayerudi na barua ya Kiingereza ambayo hakuna anayeisoma ni kama amerudi bila barua.

Kabla ya kuondoka hospitalini

Mzazi aombe karatasi yenye jina la kasoro, jina la upasuaji na tarehe, kilichobaki bila kurekebishwa, dawa na kipimo chake kwa uzito wa mtoto, tarehe ya ekografia inayofuata, na namba ya simu ya kituo. Aipige picha na kuituma kwa mtu mwingine wa familia. Katika miji yetu nyumba zinahamwa usiku, na karatasi zinabaki.

Nyumbani mtoto apimwe uzito kila wiki. Mtoto anayepona ananyonya bila kutoka jasho, anacheza zaidi kila siku, na uzito unapanda taratibu. Akiongezeka ghafla ndani ya siku mbili, hayo si manono, ni maji.

Aende hospitalini siku hiyohiyo akiwa na homa, akipumua haraka au mbavu zikiingia ndani, akikataa kunyonya, akitapika mara kwa mara, akivimba uso au miguu, kidonda kikitoa maji, au akikojoa kidogo sana. Asingoje hata saa moja akizimia, akigeuka buluu kuliko kawaida yake, au mapigo yake yakienda mbio huku ametulia.

Hata akikua vizuri, asipotee machoni pa waganga. Mtoto aliyepasuliwa kasoro ya Fallot anaweza kukimbia, kusoma na kuoa, lakini vali yake ya mapafu inaweza kuvuja polepole na kuhitaji nyingine atakapokuwa kijana. Kwa sababu hiyo ekografia ya kila mwaka inabaki kuwa sehemu ya matibabu, hata kwa mtoto ambaye majirani wamekwisha sahau kwamba aliwahi kuugua.